Wacheni Kuabudu Bunduki Kubwa

Kwenye kibanda cha gemu hapa Malaba, kila msee anataka bunduki kubwa. Mtutu mrefu, risasi nono, basi anajiona ameshinda. Nimebishana nao hadi sauti imeisha, sasa naandika.

Ndani ya mtutu wa bunduki kuna mifereji iliyojipinda. Hiyo ndiyo huzungusha risasi ili iende sawa. Si umeona mpira wa raga ukirushwa bila kuzungushwa vile unayumba? Sasa cheki: kwa unene uleule, risasi nzito huwa ndefu, na ndefu inataka kuzungushwa zaidi. M16A1 ilizungusha risasi ya gramu 3.6 mara moja kila milimita 305. Ilipokuja ya gramu 4, M16A2 ikapewa mtutu wa mzunguko mmoja kila milimita 178. Hapo si gramu ilileta kazi, ni urefu, hasa wa ile risasi inayowaka ikienda.

Urefu wa mtutu nao huipa baruti nafasi ya kusukuma. Ukiukata, kasi inashuka, na mizunguko kwa sekunde inashuka pia. Ukiurefusha sana, faida inakuwa kidogo, unabaki kubeba chuma tu.

Mfano mzuri uko Mumias, si mbali na Busia. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa kituo cha misafara, na Mskoti W. D. M. Bell alianzia hapo safari za kuwinda ndovu Karamoja. Wawindaji wengine walibeba mizinga kama .577, risasi karibu gramu 49. Yeye wengi aliwaua kwa 7x57 mm, risasi ya gramu 11 hivi: nyembamba, ndefu, mzunguko mmoja kila milimita 220. Kwa mita 700 kwa sekunde, piga hesabu, ni zaidi ya mizunguko 3,000 kila sekunde. Inapenya fuvu bila kupinda hadi kwa ubongo. (Na fuvu la ndovu, manze, ni ukuta.)

Kwa jumla aliua ndovu zaidi ya 1,000. Hapo ndipo hii hesabu ninayoipenda hunikaa vibaya, juu ilifanya kazi vile ilitakiwa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977. Leo ukitaka kuona ndovu wa Karamoja, unavuka hapa mpakani, halafu unasafiri hadi Kidepo, kule pembeni kabisa mwa Uganda.