KLIPU YANGU ILIFIKA SHULENI KABLA YANGU



Ndugu zangu katika imani, leo sina darsa la fiqhi. Nina jambo lililonitoa jasho, nimeona niliseme hapa hapa mnaponisoma kila siku.

Nilialikwa kipindi cha dini kwenye shule moja ya sekondari huku Kibaha, shule ya wavulana wa bweni. Mimi vijana huwaambia waandike maswali kwenye vikaratasi bila jina, maana ana kwa ana watakuuliza udhu tu. Nikarudi nyumbani Maili Moja, nikavimwaga mezani. Zamani vilikuwa vya swala, janaba, mitihani na majini (majini hayakosekani). Safari hii zaidi ya nusu vilihusu wanawake, na vingi wala havikuwa maswali. Mtu ameshahukumu, anataka sheikh apige muhuri. "Sheikh, waambie watu wakatae ndoa, ndoa ni utapeli." "Sheikh, singo maza hata akitubu si wa kuoa, thibitisha." Mmoja kaandika kwamba Andrew Tate kasilimu, kwa hiyo anayoyasema kuhusu wanawake ndiyo dini yenyewe.

Shuleni simu haziruhusiwi. Lakini likizo ipo, na simu ya kaka ipo.

Huyo Tate nisimpe nafasi kubwa. Alitangaza kusilimu Oktoba 2022, na anayesilimu tunampokea, ya moyoni ni yake na Mola wake. Desemba mwaka huo huo alikamatwa Romania, na mwaka 2023 akashtakiwa kwa usafirishaji wa binadamu na ubakaji. Anakanusha, mahakama zina kazi yake. Ila shahada haimfanyi mtu mufti siku hiyo hiyo. Na "kataa ndoa" haikutoka Romania, tumeipika wenyewe kwa Kiswahili chetu.

Nikarudi wiki iliyofuata. Kijana wa kidato cha tatu akasimama, akasoma kwa tajwidi nzuri kabisa kile kipande cha aya ya 34 ya Suratun Nisaa, cha wanaume kuwa wasimamizi wa wanawake, akakaa. Nikamwambia, malizia. Kimya. Aya haiishii pale, inaendelea kutaja mali wanazotoa hao wanaume. Nikamuuliza, nauli na pesa yako ya matumizi anatoa nani? "Mama." Baba? "Sijui alipo." Mama anafanya kazi gani? Anauza mihogo ya kukaanga stendi. Wenzake wakacheka, nikawanyamazisha. Sikumuuliza zaidi, alishainamisha kichwa. Huyu kafundishwa na simu kumdharau singo maza, na singo maza ndiye aliyemfikisha kidato cha tatu.

Sisemi vijana hawa hawana lao. Wanaogopa. Ajira hawazioni, mahari wanazisikia, kaka zao wamepigwa mizinga na kuachwa. Mtu mwenye hofu akipewa wa kumlaumu, anashukuru.

Baada ya hapo nikaenda Kisarawe, shule ya mchanganyiko. Nikajua huku nitakuwa mjanja zaidi. Kumbe kulikuwa na binti aliyerudi masomoni baada ya kujifungua. Mnajua tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu hilo. Anapoingia darasani wavulana hupiga honi kwa midomo. Sikuelewa honi inahusu nini mpaka nilipofungua kikaratasi kimoja: "Sheikh, ile klipu yako ya gari la mkononi, ulikuwa unatusema sisi?"

Nikakumbuka. Mwaka juzi kwenye mhadhara, watu wamesinzia, nikatia mzaha: kuoa mwanamke aliyezaa ni kama kununua gari la mkononi, hujui dereva wa kwanza aliliendeshaje. Watu wakaangua kicheko. Kijana wa kamera akaikata, tukairusha, ikapendwa kuliko darsa zangu zote za tafsiri. Na mimi nikafurahi, Allah anisamehe.

Nikasimama mbele ya watoto wale nikawaambia ndiyo, ni mimi, na nilikosea. Kisha nikawaeleza kile ambacho ningekisema siku ile kama ningekuwa nataka ilimu badala ya kicheko. Bi Khadija alipoolewa na Mtume (S.A.W.) alikuwa mjane mwenye watoto. Bi Ummu Salama alikuja na watoto wake. Na huyu Ummu Salama ndiye aliyeombwa ushauri siku ya Hudaybiyya, mwaka wa 6 Hijria, maswahaba walipositasita kuchinja na kunyoa. Alimshauri Mtume atoke, asiseme na mtu, achinje na anyolewe. Akatoka, nao wakamfuata.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi kwenye maoni: sheikh, hao walikuwa wajane, siyo waliozalia nyumbani. Sawa. Zinaa ni haramu na sitaipunguza. Lakini aliyetubu, mlango wake wa toba umefunguliwa na nani hata uje kuufunga wewe? Na yule mvulana aliyempa mimba yuko darasa gani, mbona yeye hapigiwi honi? Halafu soma Suratun Nuur aya ya 4. Anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi na asilete mashahidi wanne, adhabu yake ni viboko themanini, na ushahidi wake haupokelewi. Mnaowaita mabinti za watu malaya mitandaoni kwa sababu ya picha tu, mashahidi wenu wanne wako wapi?

Binti sikumjua ni yupi, na sikutaka kumtafuta kwa macho. Honi, mwalimu wao ananiambia, imepungua. Hajasema imeisha.

Klipu nimeifuta kwenye kurasa zangu zote, ila bado inatembea kwenye makundi ya WhatsApp, juzi nimetumiwa mimi mwenyewe na mtu asiyejua kuwa ni mimi. Aliyenayo naomba aifute. Na aliyeisambaza, airushe na hii kule kule alikoirusha ile.

Wabillaahi tawfiiq.