Kuzika Majani

Rafiki zangu wa Dar es Salaam hawaamini kwamba kuna Tanzania ya kulala na mablanketi mawili. Huku kwetu Ikuti, wilayani Rungwe, kipupwe kikiingia Juni, ukungu hushuka usiku na kuna siku hauondoki hadi saa tano asubuhi. Ni miezi ya kukaa jikoni karibu na moto. Mama yangu huitumia kulima.

Hapandi chochote. Mvua za kupandia mahindi atazisubiri hadi Novemba, lakini jembe analishika mapema. Anafyeka majani, anayalaza kwenye mstari, kisha anakata udongo kutoka pande zote mbili na kuyafunika, tuta baada ya tuta. Hachomi, wala hapulizi dawa ya kuua magugu. Anazika.

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nikarudi nyumbani bila kazi, goti lake lilikuwa limevimba. Mtu mmoja kutoka mjini alitaka kukodi shamba lote kwa msimu mzima apande viazi, na pesa alikuwa nazo mkononi. Mdogo wangu alikuwa anadaiwa ada. Mama akamkodisha nusu. Nusu iliyobaki akasema, "Tutalima." Goti lake likiwa vile, nilijua atakayelima ni nani.

Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba vijana wa kiume walimlimia baba, na baba naye akawatolea ng'ombe wa mahari. Mimi ni binti, na hakuna ng'ombe aliyekuwa akinisubiri. Nililima hivyo hivyo.

Wiki ya kwanza, viganja vikiwa vimechubuka, nilimuuliza kwa nini tusingoje Oktoba tukalima na kupanda kwa mkupuo mmoja.

"Majani mabichi yana njaa, mwanangu," alisema. "Ukipanda juu yake, yanakula chakula cha mahindi."

Nilidhani ni msemo tu, kumbe ni sayansi. Vijidudu vinavyoozesha majani makavu huhitaji naitrojeni, na wasipoipata ya kutosha kwenye majani huichukua udongoni. Mahindi yanayoota wakati huo huwa ya njano. Na penye baridi vijidudu hufanya kazi polepole, kwa hiyo huku kwetu lazima wapewe muda mrefu zaidi.

Udongo wenyewe unadanganya. Ni mweusi, mwepesi, jembe linazama bila kelele. Umetokana na majivu ya volkano za Rungwe. Mgeni akiushika anasema hapa hata jiwe litaota. Lakini udongo wa majivu hung'ang'ania fosforasi, mizizi ikaikosa, na mvua ya Tukuyu, inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, huosha rutuba na kuuacha na asidi. Kila kinachooza ndani yake ni deni linalolipwa.

Julai nilichimba tuta moja nione. Majani yalikuwa bado majani. Agosti yalikuwa yamelegea. Septemba, jua liliporudi, nilishika kitu cheusi ambacho sikuweza tena kusema kilikuwa nini.

Wakati huo majirani walikuwa wakiniuliza njiani, "Likizo inaisha lini?" Nilikuwa nimetuma maombi matatu ya kazi. Hakuna lililojibiwa.

Mwishoni mwa Oktoba mama alikuja shambani akiegemea fimbo, akahesabu matuta kumi kuanzia migombani.

"Haya ni yako. Panda unachotaka."

Sikujibu haraka. Mahindi ya huku kwenye baridi huchukua zaidi ya miezi sita. Anayeyapanda ameshasema atakuwepo kuyavuna. Mvua iliponyesha nilipanda maharage. Hayo hukomaa kwa miezi mitatu.

Mama alizitazama mbegu kiganjani mwangu, akaelewa, akacheka.

"Ndaga, mwanangu," alisema. "Miezi mitatu si haba."