Umeme Umekwenda Wapi? Somo Kutoka Mtambo Mkongwe

Mwaka 2019 chuo chetu kilipewa mtambo wa redio ya ridhaa, wa kupokea na kurusha mawimbi, uliotengenezwa miaka ya 1970. Sehemu yake kubwa ni transista, ila valvu mbili ndizo zinazosukuma mawimbi kwenda kwenye antena. Ulivuma kama mzinga wa nyuki, na katika bendi ya mita 20 ulikuwa bubu. Tuliufurahia, kwani wanachuo wetu walikuwa wakijifunza umeme kwa ubao na chaki tu.

Siku ya kwanza tulichomoa plagi, tukafungua kifuniko, tukanyosha mkono ili tuonyeshe kapasita kubwa za ugavi wa umeme. Ndipo mwanachuo mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Mwalimu, umeme uliokuwamo umekwenda wapi?" Tulikaribia kumjibu kwamba plagi haimo ukutani. Tukaona haya kujibu jambo tusilolipima. Tuliweka voltimita, sindano ikasimama kwenye volti 380.

Darasa zima lilinyamaza. Kwa kawaida, kipinga kilichounganishwa sambamba na kapasita hizo huimaliza chaji mtambo unapozimwa. Kipinga hicho kilikuwa kimekatika ndani kwa uzee, ingawa kwa macho kilionekana kizima. Tuliimaliza chaji kupitia kipinga kingine chenye waya uliofunikwa vyema, mkono mmoja ukiwa mgongoni, kisha tukapima tena mpaka sindano ikarudi sifuri.

Tangu hapo tulibadili utaratibu. Hakuna aliyeruhusiwa kushika chuma cha kulehemu kabla hajataja dalili, sababu anayoidhania, na kipimo kitakachoithibitisha. Mvumo ulikuwa wa hezi 100, mara mbili ya hezi 50 za umeme wa ukutani. Hiyo ni dalili ya kapasita zilizokauka, zisizoweza tena kulainisha mkondo unaotoka kwenye daiodi. Tulizibadili, mvumo ukaisha. Ububu wa mita 20 wengi waliudhania kuwa ni uchovu wa valvu. Lakini bendi nyingine zilifanya kazi kwa valvu zile zile. Basi kosa lilikuwa mahali panapohusu bendi hiyo pekee. Swichi ya kuchagulia bendi ilikuwa imefanya weusi kwenye vigusano vyake. Matone machache ya dawa ya kusafishia, na kuizungusha mara kadhaa, vilitosha. Hatukununua valvu.

Walimu wenzetu, sisi tuliofundisha miaka mingi twaweza kufanana na kile kipinga: wazima kwa macho, kumbe kazi tuliyowekewa tumekwisha kuiacha. Hatuna budi kulipima swali la mwanachuo kabla ya kulijibu. Siku ile swali moja liliuokoa mkono wetu.