Nani Zaidi, wa Jana au wa Leo?

Kuna maswali ambayo hayamletei mtu ugali mezani, lakini watu watayaulizana hata wakiwa na njaa. Mojawapo ni hili: kati ya wachezaji wote wa kandanda waliopata kutokea nchini mwetu, nani alikuwa zaidi? Nimelisikia swali hili hapa Tabora tangu nikiwa mtoto, chini ya miembe, kwenye vijiwe vya kahawa, ndani ya behewa la daraja la tatu, na hata msibani, pale wanaume wanapokaa nje kusubiri kwenda makaburini. Kila kizazi kina jibu lake, na kila kizazi hukasirika kikisikia jibu la kizazi kingine.

Nyumbani kwetu swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa. Baba yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli katika stesheni ya Tabora, alikuwa Yanga, na kwake mchezaji alikuwa mmoja tu: Sunday Manara. Huyu ndiye aliyeitwa Computer, wakati ambapo wengi wetu hatukuwa tumeiona kompyuta hata kwa picha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Manara alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza kandanda ya kulipwa Ulaya. Baba alilitaja jina hilo la Heracles kama mtu anayemtaja mkwewe, kwa heshima na kwa woga kidogo.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa jirani yetu Mzaramo, naye mtu wa reli, Simba wa kutupwa. Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani, na utani huo ulikomaa katika njia ya misafara, pale watu wetu walipokuwa wakishuka hadi Bagamoyo na kupokewa huko. Kwa hiyo jirani alikuwa na haki ya kumwambia Baba lolote. Lakini hakuwa na maneno mengi. Akishachoka kusikia habari za Manara, alisema neno moja tu: "Sita." Maana yake ni kwamba tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6–0, na Abdallah Kibadeni peke yake akatia matatu. "Wako alikwenda Ulaya," alikuwa akimwambia Baba, "wangu aliwaliza hapa hapa nyumbani."

Miaka ikapita, jirani akastaafu na kurudi kwao pwani, nami nikaoa na kupata watoto. Mwanangu wa kiume alipokua akaleta jina lake: Mbwana Samatta. Naye alikuwa na ushahidi. Samatta alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa nayo ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2015, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwaka huo kwa wale wanaocheza ndani ya Afrika. Akaenda Genk, akawa bingwa wa Ubelgiji mwaka 2019. Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Jumapili ya tarehe 1 Machi 2020 tulijaa sebuleni kwangu kutazama fainali ya Kombe la Ligi, Aston Villa na Manchester City, katika uwanja wa Wembley. Baba alikuwa amekalishwa kwenye kiti kizuri, karibu kabisa na televisheni, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Villa walikuwa nyuma kwa mabao mawili. Mpira ukapigwa kutoka upande wa kushoto, Samatta akajirusha na kichwa, ukaingia. Nadhani kelele zetu zilisikika hadi stesheni. Villa walifungwa 2–1, lakini kwetu ilikuwa sikukuu.

Katika furaha ile mwanangu akamgeukia babu yake. "Babu, huyo Manara wako alikuwa anaruka hivi?"

"Zaidi ya hivyo," Baba akajibu.

"Ulimwona wapi?"

Baba akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Sikumwona. Nilimsikia."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Vijana walirushiana ile kauli kama mpira: "Alimsikia! Babu alimsikia!" Nami, mtu mzima mwenye mvi, nikacheka pamoja nao. Baba alisubiri kicheko kiishe, akatafuta fimbo yake, akatuaga kwa upole na kwenda zake. Tangu siku hiyo hakuja tena kutazama mpira kwangu. Siku chache baadaye ugonjwa wa korona ukaingia nchini, na kila mmoja wetu akapata kisingizio cha kukaa kwake.

Katika miezi ile ya ukimya nilipata nafasi ya kufikiri. Nilijiuliza, je, mimi mwenyewe niliwaona wangapi kati ya wale ninaowasifu? Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo, kwa mtu wa Tabora, kandanda kubwa ilikuwa sauti ya Radio Tanzania. Nakumbuka mwaka 1979, Taifa Stars walipokwenda Ndola kurudiana na Zambia, wakiwa na ushindi wa 1–0 wa Dar es Salaam. Zambia walitangulia kufunga. Watu walikuwa wameizunguka redio yetu kama wagonjwa wanaomzunguka mganga. Zikiwa zimebaki dakika chache, Peter Tino akasawazisha, na Tanzania ikafuzu kwenda fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 kule Nigeria. Ikatubidi kusubiri hadi mwaka 2019 kufuzu tena. Pale uani hakuna aliyemwona Tino akipiga ule mpira, lakini hakuna aliyekubali kuambiwa kwamba hakuuona.

Nikaona pia kwamba ugonjwa huu si wetu peke yetu. Nina ndugu anayeishi Marekani, na huko wana kandanda yao ya kushika mpira kwa mikono. Katika mchezo huo yupo mtu mmoja anayeitwa kwotabeki, ambaye mpira huanzia kwake na yeye ndiye anayeamua urushwe wapi. Ndugu yangu anasema ukitaka kuvunja karamu ya Wamarekani, waulize nani alikuwa kwotabeki bora. Wazee watamtaja Johnny Unitas wa miaka ya 1950 na 1960. Watu wa makamo watamtaja Joe Montana, aliyecheza fainali kuu nne na kushinda zote nne. Vijana watamtaja Tom Brady mwenye vikombe saba, cha mwisho akikitwaa mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 43. Ndipo wazee watakapopiga meza na kusema kwamba zamani mrushaji alikuwa akibamizwa chini bila huruma, na siku hizi sheria zinamlinda.

Neno hilo la wazee wa Marekani lilinisaidia. Hoja yao ni kwamba huwezi kuhesabu vikombe bila kuuliza vilipatikana katika hali gani. Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Wachezaji wa wakati wa Manara na Kibadeni walicheza kwa ridhaa. Wengi waliajiriwa mahali fulani, wakafanya mazoezi baada ya kazi, wakasafiri kwa treni na basi siku nzima kabla ya mechi. Samatta amekuwa na daktari, mpishi na kiwanja kama zulia. Lakini haki ni haki: Samatta naye amekabiliana na mabeki walioteuliwa kutoka dunia nzima, wenye madaktari na wapishi kama yeye, na wanaomchunguza kwenye mikanda ya video wiki nzima kabla hawajakutana naye. Njia yake ilikuwa na lami, lakini mlima ulikuwa mrefu zaidi.

Siku moja nikajikaza, nikaenda kwa Baba. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikazungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Mwisho nikasema, "Baba, siku ile nilikosa. Sikupaswa kucheka."

Hakujibu moja kwa moja. Akaniuliza kama nilikuwa nikijua habari za mechi ya Nyamagana. Nilizijua. Mwaka 1974 Simba na Yanga zilikutana Mwanza katika uwanja wa Nyamagana. Simba walitangulia, Gibson Sembuli akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache mchezo uishe, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga bao la ushindi. Yanga 2, Simba 1.

Jambo nisilolijua ni kwamba Baba alikuwa amekwisha kupata ruhusa ya kwenda. Kutoka Tabora hadi Mwanza ni usiku mmoja wa treni. Siku ya safari mwenzake wa zamu akafiwa na mtoto. Baba akamwambia nenda kazike, mimi nitakushikia. Basi usiku ule, yeye mwenyewe, kwa taa yake ya kijani, ndiye aliyeiruhusu treni ya Mwanza kuondoka, imejaa watu wanaoimba. Kesho yake mechi aliisikiliza kwenye redio ya stesheni. Miaka mitatu baadaye Manara alikuwa mbioni kwenda Ulaya, na nafasi ya kumwona haikutokea tena.

"Sikumwambia mtu," akasema, "kwa sababu ningemwambia, yule mwenzangu angelisikia, na angeona kwamba namdai."

Nilikosa la kusema. Baba akaendelea kwa sauti ile ile.

"Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo. Wewe ulimwona?"

"Hapana, Baba."

"Nami nilimkuta mzee wa kukaa juani. Lakini bega lake lilikuwa na sugu kama kwato. Je, tuseme hakubeba?"

Msomaji asiyeijua Tabora huenda asione uzito wa maneno hayo. Mji wetu ulijengwa na njia ile. Mwaka 1857 Richard Burton alipokuja kutoka pwani na msafara wake, alitumia zaidi ya miezi minne hadi kufika hapa. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa ratili 60 au 70, na juu yake chungu chake, mkeka wake na posho yake. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, mtu aliyejua maji yalipo na mahali pa kulala, na wote walimfuata yeye. Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, utaliona tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, na majina yao yanajulikana duniani kote. Majina ya walioibeba mizigo yao ni machache mno yaliyoandikwa.

Mwaka 1912 reli ikafika Tabora. Garimoshi likabeba kwa siku mbili mzigo ambao ungewatoa jasho mamia ya watu kwa miezi. Lakini sijapata kumsikia mtu hapa akisema kwamba garimoshi lilikuwa na nguvu kuliko babu zetu. Tunajua bila kufundishwa kwamba hivyo ni vitu viwili. Mpagazi hupimwa kwa mzigo aliobeba, njia aliyopita, na kama alifika. Sijui kwa nini tukija kwenye kandanda tunausahau mzani huo.

Baba alianza kuja tena nyumbani. Mwaka 2023, Tabora United ilipopanda Ligi Kuu, nikamchukua pamoja na mwanangu hadi uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Macho yake yalikuwa yamebaki kuona mwanga na vivuli tu. Tulipokaa akanigusa mkono, akasema, "Haya, nitangazie."

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Mpira ulikwenda kasi kuliko ulimi wangu. Nilipochelewa, nilijaza pengo kwa maneno: kijana wa pembeni amemwacha mtu, amemwacha wa pili, anainua kichwa. Watu waliokaa karibu wakaanza kunisikiliza mimi badala ya kutazama. Baba aliinamisha kichwa akitabasamu. Wakati wa kurudi alisema, "Yule kijana wa pembeni ni hatari sana." Kusema kweli yule kijana alikuwa wa kawaida, na alitolewa mapema kipindi cha pili. Sikumsahihisha Baba. Lakini nilijua sasa kwamba mtangazaji naye huongeza chumvi yake, na kwamba labda Manara wa Baba alikuwa mrefu kidogo kuliko Manara mwenyewe. Hata hivyo lile bao la Nyamagana si chumvi. Liliingia, na matokeo yake yameandikwa, kama zilivyoandikwa zile sita za Simba na kile kichwa cha Wembley.

Baba alifariki mwaka 2024. Msibani, wanaume walipokuwa wamekaa nje, swali lile likazuka kama kawaida. Wengi wakamtaja Samatta. Mwanangu akasema, "Babu alisema ni Sunday Manara."

Mmoja akamdhihaki: "Wewe ulimwona?"

"Sikumwona," mwanangu akajibu. "Nilimsikia kwa babu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa reli akasogea, akamwomba kijana asimulie vizuri, naye akaanza na treni ya Mwanza na ile taa ya kijani.