Kikosi cha Sikio na Kikosi cha Jicho

Wapenda soka wa Rungwa wana mchezo mmoja wa maneno ambao umedumu tangu enzi za redio ya betri hadi leo. Wawili wanakaa, na kila mmoja anaunda kikosi chake cha wachezaji wa Tanzania wa miaka yote, wakichagua kwa zamu. Ukishamtaja Sunday Manara, mwenzako hampati tena, itambidi atafute mwingine wa nafasi hiyo. Ukimchukua Mbwana Samatta, umemlazimisha mpinzani aanze kupima kati ya Zamoyoni Mogella, Peter Tino na Mohamed Hussein Mmachinga nani anafaa kuvaa namba tisa. Sheria za mchezo huu hazijabadilika. Kilichobadilika ni ushahidi unaokubaliwa na wasikilizaji waliowazunguka wale wawili, na naamini badiliko hilo limewapunja wachezaji wa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 haki yao.

Rungwa iko njia panda, pale barabara ya kutoka Itigi kwenda Makongolosi na Mbeya inapokutana na ile inayokuja toka Tabora kupitia Ipole, na pori la akiba limeizunguka. Kutoka hapa, Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam ulikuwa mbali kiasi kwamba kwa watu wengi timu ya taifa haikuwa kitu cha kuonwa hata kidogo. Magazeti yalifika yakiwa yameshapitwa na mechi inayofuata. Ilibaki Redio Tanzania Dar es Salaam, na sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary. Mechi zilichezwa jioni jua likiwa bado juu, wakati ambapo mawimbi ya masafa ya kati hayasafiri mbali kama yanavyosafiri usiku, hivyo kusikiliza kwenyewe kulidai utulivu. Ukikohoa tu, umepitwa na jina la aliyetoa pasi. Ndiyo sababu kizazi kile kiliyashika majina kwa mpangilio wa uwanjani, kipa hadi winga wa kushoto, na kikajua nani alimpenda nani kwa pasi.

Lazima tukubali kwamba sikio nalo lina upendeleo wake. Mtangazaji humfuata mwenye mpira. Beki anayejipanga vizuri mpaka mshambuliaji akaamua kupita upande mwingine hatajwi, kwa kuwa hakugusa chochote. Kwa hiyo vikosi vya zamani vilivyochaguliwa Rungwa vilijaa wafungaji na watu wa chenga, na nafasi za namba mbili na namba tatu zilijazwa mwishoni kwa kubahatisha. Abdallah Kibadeni hakuhitaji kutetewa na mtu. Mabao yake matatu katika ile 6-0 ambayo Simba iliifunga Yanga tarehe 19 Julai 1977 yalimtosha. Lakini Mohamed Kajole, beki wa pembeni wa miaka hiyohiyo, alihitaji mtu aliyewahi kukaa uwanjani ndipo apate mtetezi.

Kisha likaja jicho. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Hata baada ya hapo, mechi za ligi zilizoonyeshwa zilikuwa za kuokoteza. Ni kuanzia mwaka 2013, Azam ilipochukua haki za kuonyesha Ligi Kuu, ndipo karibu kila goli lilianza kuhifadhiwa mahali ambapo mtu wa Rungwa angeweza kuliona kwenye kibanda umiza, na baadaye kwenye simu. Matokeo yake kwenye mchezo wetu yako wazi. Vijana wanamchagua Samatta, Simon Msuva, Mrisho Ngassa, Feisal Salum, na langoni Juma Kaseja au Aishi Manula. Sina ugomvi na hata mmoja wao. Ugomvi wangu ni na kanuni iliyoingia bila kujadiliwa, kwamba asiye na picha hana hoja. Mzee akimtaja Maulid Dilunga anaambiwa, tuonyeshe. Hana cha kuonyesha, na zamu inapita.

Lakini ushahidi upo, ila haumo kwenye picha. Umo katika majina ya waliokutana nao na matokeo yaliyopatikana. Mwaka 1969 Yanga ilifika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kukutana na Asante Kotoko ya Ghana. Walitoka sare mara mbili, na Kotoko wakapita kwa kura. Mwaka uliofuata timu hizo zilikutana tena hatua hiyohiyo, Kotoko wakapita tena, na safari hii wakaenda hadi kuchukua kombe. Maana yake ni kwamba Yanga ya akina Dilunga na Kitwana Manara ilikuwa na uzito wa kusimama na timu iliyokuwa inaelekea kuwa bingwa wa bara zima. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya kombe hilo na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti, baada ya kila timu kushinda nyumbani kwake. Mwaka huohuo Tanzania ilichukua Kombe la Chalenji. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 Dar es Salaam na Mufulira Wanderers ya Zambia, ikaenda kuwafunga 5-0 hukohuko kwao. Matokeo ya namna hiyo hayapatikani kwa bahati ya mtu mmoja. Yanataka timu nzima yenye nguvu na kiburi cha kutosha.

Na mwaka huo wa 1979 ndio Taifa Stars ilipoitoa Zambia na kukata tiketi ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Lagos, kwa goli la Peter Tino kule Ndola. Zambia haikuwa nyepesi, kwani miaka mitano tu kabla ilikuwa imecheza fainali ya kombe hilohilo. Fainali za 1980 zilikuwa na nchi nane tu. Zile za 2019, Tanzania iliporudi baada ya miaka 39, zilikuwa na nchi 24. Kule Lagos Stars ilifungwa 3-1 na Nigeria waliokuja kuwa mabingwa, ikafungwa 2-1 na Misri, ikatoka 1-1 na Ivory Coast. Kule Misri mwaka 2019 ilipoteza mechi zote tatu. Simdharau aliyecheza 2019. Ila mtu akiniambia kwamba kizazi cha Leodegar Tenga, Jella Mtagwa, Juma Pondamali na Thuwein Ally hakistahili hata zamu ya tano, namwomba anieleze ile pointi moja dhidi ya Ivory Coast ilipatikanaje, na kwa nini pointi nyingine kwenye fainali hizo ilisubiri hadi Januari 2024.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mpira umebadilika. Wachezaji wa leo wanakimbia zaidi, wanakula kwa utaratibu, wana madaktari na makocha wa viungo, na ukimchukua mchezaji wa 1974 ukamweka kwenye ligi ya sasa, atachoka kabla ya mapumziko. Ni kweli, lakini pingamizi hilo linampa wa zamani shida zake zote na kumnyima faida za leo. Ukimhamisha Kibadeni kuja huku, mpe pia kiatu cha leo, nyasi za leo na mshahara wa leo unaomruhusu asifanye kazi nyingine. Ama sivyo mpeleke Msuva kwenye viwanja vya miaka ile, kipindi ambacho wengi walitoka kazini ndipo wakaenda mazoezini. Kipimo cha haki ni kimoja, nacho ni umbali ambao mchezaji aliwaacha wenzake wa wakati wake.

La pili lina uzito zaidi, na nimelifikiria sana. Wanasema redio ilitia chumvi. Mtangazaji alikuwa na kazi ya kumfurahisha msikilizaji, na shuti lililopita mita kumi juu lilisikika Rungwa kama limegonga mwamba. Hili siwezi kulikana. Lakini chumvi hiyo ilimwagwa kwa wote. Haikumfanya mmoja kuwa bora kuliko mwingine, na haikuweza kubadili matokeo wala kumpeleka mtu Ulaya. Sunday Manara alikwenda Heracles ya Uholanzi miaka ya 1970. Waliomchukua hawakutegemea Kiswahili cha Redio Tanzania.

Kuna pia upungufu ambao sikio na jicho vinashiriki, na hapa Rungwa, karibu na Mbeya kuliko Dar es Salaam, unauma. Vyote viwili vilikaa sana Simba na Yanga. Mseto ya Morogoro ilikuwa bingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Kikosi cha miaka yote kisicho na hata mtu mmoja aliyewahi kubeba ubingwa na timu hizo kinasema zaidi kuhusu mitambo ya utangazaji kuliko kuhusu mpira.

Kwa hiyo, nikipewa zamu ya kwanza, simgusi mshambuliaji, ingawa najua nitampoteza Samatta, mtu aliyechukua Klabu Bingwa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015 na akafunga Anfield akiwa na Genk mwaka 2019. Washambuliaji tunao wa kutosha, na akichukuliwa Samatta bado nitabaki na Kibadeni au Mogella au Mmachinga wa mabao 26 kwa msimu mmoja. Mabeki wa kati wa kiwango cha bara tumekuwa nao wachache, na sikio liliwasahau kama jicho lilivyowasahau. Namchukua Tenga, nahodha wa Lagos. Mpinzani akimchukua Samatta, zamu ya pili namchukua Mtagwa, ambaye nchi ilimthamini hadi ikaweka picha yake kwenye stempu, na hapo ukuta wangu umekamilika katikati. Sunday Manara namtaka zamu ya tatu, kama atakuwa bado hajachukuliwa. Langoni nitakubali kubishana hadi taa zizimwe, kwa sababu Pondamali alikuwa Lagos, na Kaseja ndiye aliyekuwa golini Cairo mwaka 2003 Simba ilipowavua ubingwa Zamalek kwa penalti, na hilo kila mtu anaweza kulitazama.