Unene wa Stensili

Mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia tuandike insha kuhusu jambo tulilolichagua wenyewe na baadaye likatugharimu. Wenzangu waliandika kuhusu shule, marafiki na safari. Mimi niliandika kuhusu stensili. Mwalimu aliposoma kichwa cha insha alicheka, akasema stensili anazijua vizuri: ni zile karatasi za nta ambazo walimu wa zamani walizipigia mitihani kwa taipureta, wakazifunga kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, na wino ukapenya pale tu palipotobolewa na herufi. Nikamjibu, "Ndizo hizo hizo, mwalimu. Ila yangu ni ya kupakia lehemu, si wino."

Naishi Kampala. Asubuhi nasoma, jioni na siku za Jumamosi natengeneza bodi za saketi pamoja na mwenzangu niliyemaliza naye chuo cha ufundi. Bodi zetu huendesha mashine za kutotolea mayai. Zinapima joto, zinawasha hita na kuizima, ili mayai ya kuku yakae karibu na nyuzi 37.5 kwa siku 21. Mwanzoni tulikuwa tukilehemu kila kitu kwa mkono, mguu mmoja baada ya mwingine. Kwa bodi tatu hiyo ni kazi. Kwa bodi 40 ni adhabu. Ndipo tukaanza kutumia lehemu ya kupaka, ambayo mafundi wengine huiita uji wa lehemu: chembe ndogo sana za bati na risasi zilizochanganywa na flaksi hadi zikawa nzito kama siagi ya karanga. Unalaza stensili juu ya bodi, unavuta uji juu yake kwa bapa la chuma, unainua stensili, na kila pedi ya shaba inabaki na tone lake. Kisha unapanga vipande kwa kibanio, unaingiza bodi kwenye tanuri, na lehemu ikifika nyuzi 183 inayeyuka na kushika kila kitu kwa pamoja. Ukiona mara ya kwanza vile vipande vinavyojivuta vyenyewe na kukaa sawa mahali pake, utadhani ni mazingaombwe.

Stensili yetu ya kwanza tulikatiwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala. Mjomba wangu huchapa fulana huko, na jirani yake ana mashine ya leza ya kukatia plastiki. Tulimpelekea mchoro, naye akatukatia karatasi ya plastiki yenye unene wa milimita 0.2. Mjomba ndiye aliyenifundisha kushika bapa. Kwake ni kazi ile ile ya fulana: lilaze kidogo, livute mara moja bila kusita, usikandamize kama unayekwangua sufuria. Ukikandamiza sana, bapa huzama kwenye matundu makubwa na kuchota uji uliokwisha kuingia. Hakuna kitabu kilichonieleza jambo hilo kwa ufasaha kama mjomba, ambaye hajawahi kulehemu hata waya wa redio.

Ile plastiki ilitufaa kwa mwaka mzima, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Chipu tuliyokuwa tukitumia, ATmega328P, ilikuwa ile yenye miguu inayoonekana pande zote nne, na kutoka mguu mmoja hadi mwingine ni milimita 0.8. Ni nafasi pana, inasamehe makosa. Uhaba wa chipu wa mwaka 2021 ulipoikumba dunia nzima, aina ile ikapotea madukani, na iliyokuwepo bei yake ikapanda. Tukapata chipu ile ile katika umbo jingine: mraba wa milimita tano kwa tano, hauna miguu ya kuonekana, pedi zake 32 ziko chini ya tumbo, na kati ya moja na nyingine ni nusu milimita. Katikati ya tumbo kuna pedi kubwa ya mraba, ya kutolea joto na kuunganisha chipu na ardhi ya saketi.

Tulibadilisha mchoro wa bodi. Stensili hatukuifikiria. Kusema kweli mimi niliifikiria, nikanyamaza. Kiwanda cha China kilichotutengenezea bodi kilikuwa na fomu iliyouliza kama tunataka na stensili ya chuma cha pua, iliyokatwa kwa leza. Yenyewe haikuwa ghali, lakini fomu iliuliza unene gani, yenye fremu au bila fremu, kuta za matundu zing'arishwe au zising'arishwe. Nilichagua yenye fremu, nikaona fremu ni nzito kiasi kwamba nauli ya ndege imeizidi bei ya stensili. Nikarudi nyuma, nikafuta. Nilimwambia mwenzangu, "Tutakata Nasser Road kama kawaida." Sikumwambia kwamba sikujua kulijibu swali la unene, na kwamba niliona aibu kuuliza.

Bodi 40 zilitoka. Tulizipa namba kwa kalamu ya wino usiofutika, kuanzia 1 hadi 40. Tulizijaribu zote mezani na zote zikawaka. Tukauza 33.

Bodi namba 12 ilikwenda kwa mama mmoja wa Mukono ambaye kila mtu humwita Nnalongo, jina la heshima ambalo Waganda humpa mama aliyezaa mapacha. Alikuwa ameweka mayai 300 katika mashine yake, mengine ya majirani waliomlipa awatotoleshee. Siku ya 16, usiku, waya wa kipima joto ulikuwa mzima, kipima joto kilikuwa kizima, lakini lehemu kwenye pedi moja chini ya chipu iliachia. Chipu ikasoma kwamba ndani ya mashine kuna baridi kali, ikawasha hita, na haikuizima tena. (Programu yetu nayo ilikuwa na kosa: ilipaswa kushuku baridi ya namna hiyo na kukata umeme. Tumeirekebisha, lakini hiyo ni insha nyingine.) Nnalongo alipofungua mlango alfajiri, joto lilimpiga usoni. Alipasua mayai kumi ili aone. Vifaranga walikuwa wamekwisha kuota manyoya.

Alinipigia simu. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Mwanangu, njoo uchukue kitu chako."

Tulipoing'oa ile chipu kwa hewa ya moto tuliona kila kitu. Katikati, kwenye pedi kubwa, kulikuwa na kilima cha lehemu. Pembeni, pedi tatu zilikuwa na utando mwembamba tu, kama siagi ya mtu bahili juu ya mkate. Chipu ilikuwa imeelea juu ya kile kilima, na miguu yake ya pembeni ilikuwa ikigusa lehemu kwa bahati. Mezani iligusa. Mashine ilipopata joto na kupoa, ikapata joto na kupoa, siku 16 mfululizo, ile bahati ikaisha.

Nilichukua simu nikampigia fundi mmoja mzee wa Luthuli Avenue, Nairobi, ambaye tulikuwa tukinunua kwake vipuri. Yeye hajui Kiganda na mimi naogopa kuzungumza Kiingereza na watu wazima, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, na nadhani ndiyo siku niliyojifunza Kiswahili kingi kuliko siku zote. Nilimweleza kila kitu bila kuficha. Akaniuliza, "Kijana wangu, ulipokuwa mdogo hukucheza na matope? Ukijaza matope kwenye kopo la Blue Band kisha ukaligeuza, linatoka au linabaki?"

Nikasema, "Inategemea kopo, mzee."

"Haya, niambie inavyotegemea."

Nikamwambia kopo pana na fupi huachia matope. Kopo jembamba na refu hung'ang'ania. Akasema basi umeshajua stensili. Uji ukiwa ndani ya tundu umeshikwa na pande mbili zinazogombana: chini kuna pedi inayouvuta ubaki kwenye bodi, na kandokando kuna kuta za tundu zinazouvuta upande pamoja na stensili. Kuta zikiwa na eneo kubwa mno kuliko sakafu, stensili itaondoka na uji. Mafundi wana kipimo chake: gawanya eneo la tundu kwa eneo la kuta zake, na jibu lisiwe chini ya 0.66.

Nilifanya hesabu hapo hapo nyuma ya risiti. Tundu la kila mguu lilikuwa na upana wa milimita 0.25 na urefu wa 0.8, yaani eneo la 0.2. Kwa plastiki yetu ya milimita 0.2, kuta zina eneo la 0.42. Jibu ni 0.48 hivi. Na hizo zilikuwa kuta za plastiki iliyoyeyushwa na leza, zenye kingo zilizokwaruza. Hesabu ya dakika mbili! Nilipojaribu unene wa 0.15 nilipata 0.63, bado haitoshi. Unene wa 0.12 ulitoa 0.79.

Nikadhani tumemaliza, lakini mwenzangu akaleta hoja ambayo bado naiheshimu. Bodi yetu haina chipu peke yake. Ina viunganishi vikubwa vya waya za kipima joto, ambavyo mteja huvivuta na kuvisukuma, na vile vinataka lehemu nyingi. Stensili ina unene mmoja kwa bodi nzima. Ukiifanya nyembamba kwa ajili ya chipu, unavinyima viunganishi. Ukiifanya nene kwa ajili ya viunganishi, unaiharibu chipu. Yeye alitaka 0.15. Mimi, kwa hofu ya Mukono, nilitaka hata 0.1. Tulibishana siku mbili, tena kwa hasira, kwa sababu chini ya ubishi ule kulikuwa na swali jingine ambalo hakuna aliyetaka kulitamka: nani aliyeyaua mayai ya Nnalongo.

Mzee wa Nairobi alitupatanisha bila kujua. Alisema viwanda vikubwa vina stensili zenye ngazi, nyembamba hapa na nene pale, lakini bei yake si ya watu kama sisi. Sisi tuchukue 0.12, kisha tucheze na upana wa matundu badala ya unene wa chuma. Kwenye viunganishi tupanue tundu lipite kidogo nje ya pedi. Lehemu ikiyeyuka itakimbilia shaba yenyewe. Na ile pedi kubwa ya katikati tusiiache wazi yote. Tuigawe kwa vijiti kama dirisha lenye vioo vinne, ili uji ufunike sehemu tu ya pedi. Chipu haitaelea tena, na moshi wa flaksi utapata njia ya kutokea.

Fremu tuliikataa. Tuliagiza bamba la chuma tupu, tukalifunga kwa gundi ya karatasi upande mmoja kama bawaba, na kuzungushia bodi vipande vya bodi mbovu zenye unene ule ule ili stensili ilale sawa. Kuta kung'arishwa tulilipia. Fremu ina maana kwa mwenye mashine ya kuchapia. Sisi mashine yetu ni mikono miwili na mkanda wa kubandika.

Kulikuwa bado na zile bodi zilizouzwa. Ya Nnalongo tulikuwa nayo mezani, kwa hiyo zilibaki 32 mikononi mwa watu, na zote zilikuwa zikifanya kazi. Mwenzangu alisema tuwabadilishie watakaolalamika. Hakuwa mtu mbaya. Fedha za chipu mpya zilikuwa ni kodi ya chumba chake. Mimi nilisema tuziite zote. Sikusema hivyo kwa ushujaa. Niliogopa simu nyingine ya alfajiri. Mwishowe nilimwambia lile nililolificha, kwamba niliiona ile fomu, nililiona swali la unene na nikalifuta. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akachukua daftari la wateja akaanza kupiga simu kuanzia ukurasa wa kwanza.

Stensili ya chuma ilifika baada ya wiki tatu, imefungwa kati ya makadibodi mawili. Niliishika juu ya taa nikaona matundu 32 yamejipanga kama meno ya kitana, safi, hayana ukurutu. Mjomba alikuja kuiona, akapitisha kidole kwenye ukingo wake, akauliza kama inaweza kuchapa fulana. Uji tuliutoa kwenye friji saa nne kabla ya kuufungua, kwa sababu ukifunguliwa ungali baridi hunyonya unyevu. Nilivuta bapa mara moja. Nilipoinua chuma, kila pedi ilikuwa na tofali lake dogo lenye kingo kali, na pale katikati ya chipu yalikuwa madirisha manne.

Nnalongo tulimpelekea bodi mpya, na fedha za mayai tulimlipa kwa awamu tano. Awamu ya mwisho alinipa kuku, akasema ni wa mashine ile ile.

Bodi zilizorudi ni 28. Nne hazijarudi. Wawili kati ya wateja hao simu zao hazipatikani, mmoja aliiuza mashine kwa mtu wa Gulu asiyemjua jina, na mmoja hataki kuitoa kwa sababu inatotoa vizuri. Ni namba 7, 19, 22 na 31.