Teka Mbili

Mwaka 1985 nilikuwa darasa la nane hapa Takaungu, na mfumo wa elimu wa 8-4-4 ndio kwanza umeingia. Kiswahili kikawa somo la lazima, la kutahiniwa kwenye mtihani wa KCPE sawa na hisabati. Mtaani tulifurahi. Kiswahili ni chetu. Wazee walikuja nacho kutoka Mombasa, Wamazrui, watawala wake, walipoondoka huko baada ya Sayyid Said kuuteka mji mwaka 1837.

Insha ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika kwamba biarusi "aliteka mpaka akatokwa na matozi". Mwalimu wetu, mtu wa bara, akanisimamisha.

"Arusini aliteka maji ya nini?"

Darasa zima kimya. Kimvita chetu, lahaja ya Mombasa, kina teka mbili: ya maji, na ile ya furaha, yaani kucheka, ambayo ncha ya ulimi hugusa meno. Sikio la Mmvita halizichanganyi kamwe, lakini kwenye karatasi herufi ni ile ile. Matozi nayo yakakatwa, ikawekwa "machozi". Mato (macho), nti (nchi), ndia (njia), vyote vikachorwa mstari.

Babu alihamaki nilipomwonyesha. Mkutano wa 1928, ule ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ulifanyika Mombasa, mji wa mshairi Muyaka. "Walikaa kwetu, mjukuu wangu, wakachagua cha jirani." Uchungu wake ninao hadi leo. Sanifu ilihitajika, sikatai, lakini Kimvita kilistahili kutajwa darasani kwa heshima, si kama kosa la tahajia.

Kwenye dawati nilikaa na msichana Mchonyi, mmoja wa Wamijikenda. Kwao kucheka ni kutseka, macho ni matso. Mama zao walileta mihogo na makuti mtaani kwetu. Nyanya yangu akinena chake, wao wakijibu kwa Kichonyi, na bei ikapatikana bila mkalimani. Wakauma na Wajibana, Wamijikenda wengine, vivyo hivyo. Hakuna aliyemwambia mwenziwe amekosea.

Muhula ulipokwisha, aliyetuongoza kwa alama za Kiswahili ni yule msichana Mchonyi. Nilimuuliza siri yake, maana nilikuwa na wivu.

"Nyinyi mwaandika munavyonena," akaniambia. "Mimi najua hii si lugha ya mama, basi naisoma."